Kuinua matiti kwa upasuaji: kuanzia mistari ya kalamu hadi kovu kukomaa

Wengi hudhani kwamba katika upasuaji wa kuinua matiti chuchu hukatwa, huwekwa kando, kisha hushonwa mahali papya juu zaidi. Sivyo ilivyo. Chuchu hubaki imeshikamana na kipande cha nyama chenye mishipa ya damu na neva, nayo hupandishwa pamoja nacho, mfano wa tunda linalosogezwa bila kukatwa kikonyo. Ukilishika hilo, utaona kila sharti utakalopewa lina sababu yake. Mengi yanayoharibika katika upasuaji huu hutokana na mambo mawili: damu haikufika ilipohitajika, au ngozi ilivutwa kupita uwezo wake.

Unachopata na usichopata

Daktari huondoa ngozi iliyolegea, hukusanya nyama ya titi na kuipandisha, kisha huirudisha chuchu juu ya kunjo, yaani ule mstari ambapo titi hukutana na kifua kwa chini. Ukubwa hauongezeki. Kwa kuwa nyama iliyotawanyika imekusanywa pamoja, wengine hujikuta wakivaa sidiria ya kikombe kidogo kuliko cha awali. Kinachovunja watu moyo zaidi ni ule ujazo wa juu, pale titi linapoanzia. Wiki za kwanza huwa upo tele, halafu hupungua kadiri nyama inavyotulia. Anayetaka ujazo huo udumu huhitaji kuongezewa kitu, na hilo nitalifikia.

Titi limejengwa kwa tezi, mafuta na nyuzi nyembamba za kulishikilia. Mimba hulijaza na kuinyoosha ngozi, kisha huliacha tupu. Unene unaopanda na kushuka hufanya vivyo hivyo, na umri na sigara huilegeza ngozi yenyewe. Kunyonyesha husingiziwa sana, wakati mchango mkubwa ni wa mimba. Titi halina msuli wa kulinyanyua. Msuli uko chini yake, kwa hiyo mazoezi ya pushapu hukuza msuli wa kifua na kuliacha titi palepale. Kuhusu krimu za kuinua matiti, fedha yako ibaki mfukoni.

Limeshuka kiasi gani?

Kipimo ni mahali chuchu ilipo ukilinganisha na kunjo, ukiwa umesimama bila sidiria. Daraja la kwanza, chuchu iko usawa wa kunjo au imelipita kidogo tu. La pili, imeshuka chini ya kunjo, lakini bado kuna sehemu ya titi iliyo chini zaidi yake. La tatu, chuchu ndiyo ncha ya chini kabisa na inaangalia sakafu. Lipo pia titi linaloonekana limeshuka ilhali chuchu iko juu ya kunjo: kilichoning'inia ni nyama ya chini tu. Hilo lina tiba yake, na kosa baya hapo ni kuipandisha chuchu isiyohitaji kupanda.

Daktari atapima kwa utepe kutoka kile kishimo cha chini ya koo hadi chuchu, kutoka chuchu hadi kunjo, upana wa titi, na kipenyo cha lile duara jeusi linaloizunguka chuchu. Kwa titi ambalo halijashuka, kipimo cha kwanza mara nyingi huwa karibu na sentimita 19 hadi 21, kikizidi kwa mwenye kimo kirefu. Usishtuke namba za kushoto na kulia zikitofautiana. Hakuna mwenye matiti yanayolingana sawasawa, na upasuaji huipunguza tofauti hiyo bila kuifuta. Asiyepimwa kwa utepe, akaangaliwa tu na kutajiwa bei, atafute daktari mwingine.

Mkato hufuata kiwango cha kushuka

Mkato wa kwanza ni wa duara, unaozunguka weusi wa chuchu peke yake. Huacha kovu dogo kuliko yote yanayofuata, na kwa sababu hiyo ndio unaoombwa zaidi. Una mipaka mikali: huifaa hali ya kushuka kidogo tu. Ngozi ya mduara mpana ikivutwa ili ikutane na mduara mdogo, hukunjamana kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba. Mikunjo mingi hulainika baada ya miezi michache. Kinachobaki ni mvutano, ambao hulitanua duara la chuchu na kulifanya titi kuwa bapa kwa mbele. Ndiyo maana daktari hupitisha uzi wa kudumu kuzunguka duara, lakini hata uzi huo una kikomo.

Mkato wa pili huongeza mstari wa wima kutoka kwenye duara hadi kwenye kunjo, umbo la pipi ya kijiti. Huu hubana titi kutoka pande mbili na kulipa umbo la kuchomoza, na unafaa kwa walio wengi wa daraja la kwanza na la pili. Kasoro yake ni vikunjo vya ngozi chini ya mstari wa wima. Vingi hujinyoosha ndani ya miezi 3 hadi 6, na vichache hulazimu kurekebishwa kwa ganzi ya sehemu.

Wa tatu ni wa nanga: duara, wima, na mstari wa kulala ndani ya kunjo. Huu ndio wa titi lililoshuka sana au la mtu aliyepungua kilo nyingi, kwa sababu ngozi huwa imezidi kwa urefu na kwa upana, na haiwezi kuondolewa yote kwa mstari mmoja. Kovu la kunjoni hufichwa na titi lenyewe.

Hapa rahisi huwa ghali. Anayekubali kovu fupi kwenye titi la daraja la tatu hupata titi bapa, duara lililotanuka, na upasuaji wa pili ambao mwishowe utakuwa wa nanga.

Swali ambalo wagonjwa hawalijui na ndilo zito zaidi: kikonyo cha chuchu, yaani kile kipande cha nyama chenye mishipa na neva, kitatoka upande gani? Kinaweza kutoka juu, juu na ndani kuelekea katikati ya kifua, au chini. Kila upande una mishipa yake. Kama umewahi kupasuliwa titi, hata kutolewa uvimbe mdogo miaka mingi iliyopita, lazima daktari ajue, maana kovu la zamani huenda lilikata njia ya damu anayoitegemea.

Kabla ya tarehe

Uzito uwe umetulia kwa miezi kama 3 hadi 6. Anayepanga kupungua kilo 15 azipunguze kwanza, la sivyo ngozi italegea tena. Anayenyonyesha asubiri miezi 3 hadi 6 tangu maziwa yakauke, kwa kuwa titi hubadilika umbo muda wote huo. Na anayetarajia mtoto karibuni, ushauri wa kweli ni kuahirisha. Hakuna hatari kwa mimba, ila mimba itaivuta upya ngozi aliyolipia.

Mwenye miaka 40 na zaidi, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua saratani ya matiti, hupigwa picha ya matiti kwanza. Kupatikana kwa uvimbe baada ya nyama kuhamishwa huleta utata ambao ungeepukika. Hupimwa pia wingi wa damu, sukari, ujauzito, na shinikizo la damu.

Nikotini husimamisha kila kitu. Hubana mishipa midogo, na chuchu iliyo juu ya kikonyo inaitegemea mishipa hiyohiyo. Acha angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Vibandiko vya nikotini, tembe za kutafuna na sigara za umeme vimo humo pia, kwa maana kinachobana mishipa ni nikotini yenyewe, hata bila moshi. Baadhi ya madaktari hupima mkojo asubuhi ya upasuaji na kumrudisha nyumbani aliyedanganya. Wanafanya vema.

Aspirini, ibuprofeni na vidonge vya mitishamba, vitamini E na mafuta ya samaki huongeza kuvuja damu, na kwa kawaida husimamishwa wiki 1 hadi 2 kabla. Lakini dawa ya kuzuia damu kuganda uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo au mishipa usiiache kwa uamuzi wako. Aliyekuandikia na atakayekupasua wakubaliane. Taja pia vidonge vya uzazi wa mpango na homoni, kwa kuwa baadhi huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kuhusu kufunga, kanuni ya kawaida ni saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji. Tumbo lenye chakula wakati wa nusu kaputi linaweza kumwaga kilichomo mapafuni.

Nunua mapema sidiria mbili laini zinazofungwa kwa mbele, zisizo na waya. Mbili, ili moja ifuliwe. Pangua kabati: vyombo vya kila siku vishuke chini ya usawa wa bega. Nguo ziwe za vifungo.

Siku yenyewe

Kazi muhimu kuliko zote hufanyika kabla hujalala. Ukiwa umesimama, mikono imetulia, daktari huchora kwa kalamu mstari wa katikati ya kifua, mstari wa katikati ya kila titi, kunjo, na mahali papya pa chuchu. Chuchu mpya hupangwa karibu na usawa wa kunjo likiakisiwa upande wa mbele wa titi. Michoro hii haiwezi kufanywa ukiwa umelala, maana titi humwagika pembeni. Daktari mwangalifu huiweka chuchu chini kidogo kuliko anavyotamani. Iliyo chini hupandishwa kwa urahisi baadaye, bali iliyo juu mno, inayochungulia juu ya sidiria, ni tabu kubwa kuishusha, kwa sababu kovu litabaki wazi juu yake.

Upasuaji huchukua kama saa 2 hadi 3, aghalabu kwa nusu kaputi. Duara jipya hupigwa mhuri wa chuma wenye kipenyo cha milimita 38 hadi 42. Ngozi inayozunguka kikonyo huparurwa tabaka lake la juu tu, ili mishipa iliyo chini yake ibaki hai. Nyama hupandishwa, hushonwa kwa ndani, na nguzo mbili za titi, yaani nyama ya pande mbili za mkato wa wima, hukutanishwa katikati. Mishono hiyo ya ndani ndiyo inayobeba umbo. Ngozi ikiachiwa kazi ya kubeba titi itanyooka tena, kwani ndiyo iliyoshindwa mara ya kwanza. Kisha meza huinuliwa mpaka uwe kama umekaa, matiti yalinganishwe, na ngozi ifungwe kwa nyuzi zinazoyeyuka. Mrija wa kutoa majimaji huwekwa kwa baadhi tu, na huondolewa baada ya siku moja au mbili. Nyama iliyotolewa hupelekwa maabara.

Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, wakiwa na mtu mzima wa kulala nao usiku wa kwanza.

Wiki sita za mwanzo

Maumivu kwa kawaida si makali kama watu wanavyohofia: mvutano, kuchomachoma, na uzito wa kifua, vikizidi kwa siku 2 hadi 4. Parasetamoli kwa saa zake, kabla maumivu hayajapanda, hutosheleza wengi baada ya siku chache. Dawa kali za maumivu huleta choo kigumu, na kukamua choo kigumu hupandisha shinikizo la damu. Maji mengi na chakula chenye nyuzinyuzi vianze siku ya kwanza.

Lala chali, mgongo umeinuliwa kama nyuzi 30 hadi 45, kwa wiki 2 hadi 4. Tembea ndani ya nyumba jioni ileile ili damu ya miguuni isigande. Kuoga kwa maji yanayotiririka huruhusiwa kwa kawaida baada ya saa 48. Kuzamisha jeraha ndani ya maji husubiri wiki 4 hadi 6. Viwiko visipande juu ya mabega kwa wiki 2. Usibebe kinachozidi kilo 2 au 3 kwa wiki 4, na mtoto mdogo anahesabiwa: akupandie mapajani ukiwa umekaa, usimnyanyue. Kazi ya mezani hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14. Kuendesha gari husubiri mpaka uache dawa zinazosinzisha na uweze kukanyaga breki ghafla bila kuogopa kifua. Kukimbia na kuruka ni baada ya wiki 6. Sidiria huvaliwa usiku na mchana muda wote huo, ikitolewa kwa kuoga tu.

Ukijitazama kwenye kioo wiki ya kwanza, utaona matiti yaliyo juu mno, bapa kwa chini, magumu, na pengine moja limevimba kuliko jingine. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sehemu ya chini hujaa taratibu kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na umbo la mwisho husubiri hadi miezi 6 au 12. Anayeamua kwamba ameharibiwa katika wiki ya 2 amehukumu mapema.

Kinachoharibika, na lini

Saa 24 za kwanza adui ni damu inayovuja ndani. Titi moja likivimba ghafla, likakaza, likauma kupita jingine, piga simu hata kama ni usiku wa manane. Damu hiyo hutolewa kwenye chumba cha upasuaji, na ikicheleweshwa hubana mishipa ya kikonyo.

Siku chache za kwanza pia chuchu huangaliwa. Ikiwa ya zambarau au yenye weusi usio wake, damu inaingia na kushindwa kutoka; ikiwa imepauka na baridi, haiingii. Kwenye ngozi nyeusi rangi hudanganya, kwa hiyo linganisha chuchu ya kulia na ya kushoto, na daktari huweza kuichoma kwa sindano aone damu inayotoka. Akiwahiwa anaweza kulegeza mishono na kuiokoa. Kufa kwa chuchu nzima ni nadra. Hutokea zaidi kwa wavutaji sigara, wenye kisukari kisichodhibitiwa, na waliopasuliwa titi hapo awali.

Maambukizi hujitokeza zaidi kuanzia siku ya 4 na kuendelea. Wekundu hauonekani kirahisi kwenye ngozi nyeusi. Tegemea joto, ugumu unaoenea, usaha, homa ya nyuzi 38 na zaidi, na maumivu yanayopanda badala ya kushuka. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika na kifua kubana, usisubiri kliniki: nenda hospitali wakati huohuo.

Linalotokea mara nyingi zaidi, na kuwatia watu hofu isiyo lazima, ni jeraha kufunguka pale mstari wa wima unapokutana na wa kunjo, kati ya wiki ya 2 na ya 3. Pembe tatu za ngozi zinakutana hapo, kila moja ikiwa mbali na chanzo chake cha damu, na mvutano wote umelundikana mahali pamoja. Shimo dogo kama ukucha hufunga lenyewe kwa kusafishwa na kubadilishiwa kitambaa, wiki kadhaa. Halishonwi upya, maana nyuzi mpya huongeza mvutano uleule uliolifungua.

Vibonge vigumu vinavyojitokeza baada ya wiki au miezi mara nyingi ni mafuta yaliyokosa damu yakafa. Vingi hulainika, lakini kila kibonge kipya kipimwe kwa picha, kisikisiwe kwa vidole.

Hisia za chuchu hupungua kwa wengi mwanzoni, au huzidi hadi kitambaa cha sidiria kinakera. Hurudi taratibu kwa miezi, na kwa wachache hazirudi zote. Uwezo wa kunyonyesha hubaki kwa wengi ambao mirija ya maziwa iliachwa ndani ya kikonyo, ila hakuna daktari anayeweza kukuhakikishia. Anayekuhakikishia anauza.

Kovu

Kovu hupitia hali mbaya kabla ya nzuri. Wiki ya 6 huwa jembamba na la kupendeza. Mwezi wa 2 hadi wa 4 huinuka, hukolea rangi na kuwasha. Kisha hulainika hadi miezi 12 au 18. Jeraha likishafunga kabisa, kama wiki ya 3, bandika utepe wa silikoni saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi 3. Likinge na jua mwaka mzima, kwa maana jua huweza kuligeuza jeusi la kudumu.

Mwenye historia ya keloidi, yake au ya familia, alitaje kabla ya kupanga mkato. Kovu lililovimba likabaki ndani ya mipaka yake mara nyingi hunyauka lenyewe au kwa sindano za steroidi. Keloidi huvuka mipaka ya jeraha na kuendelea kukua, hupenda eneo la kifua, na ikikatwa bila tiba nyingine hurudi kubwa zaidi. Ncha ya ndani ya mkato wa nanga, inayoelekea katikati ya kifua, ndiyo ya kuichunga. Daktari anayejua huifupisha.

Kipandikizi kwa pamoja?

Kuinua hupunguza ngozi; kipandikizi, yaani mfuko unaowekwa ndani ya titi ili kuliongezea ujazo, huitanua. Ni kazi mbili zinazovutana ndani ya titi moja, ndiyo sababu zikifanywa siku moja marekebisho huwa mengi kuliko kila moja ikifanywa peke yake. Kwa titi lililoshuka sana, busara ni kuinua kwanza, kusubiri miezi 3 hadi 6, kisha kuamua. Wapo wanaogundua kwamba hawakukihitaji. Njia nyingine ya kuongeza ujazo ni kudunga mafuta ya mwili wako mwenyewe: hayaongezi uzito mwingi, ila sehemu ya yanayodungwa hufyonzwa na mwili, na huenda yakahitaji awamu ya pili.

Titi lililoinuliwa litaendelea kuzeeka, na mimba au kilo zinazopanda na kushuka zitalishusha tena. Marekebisho madogo ya umbo hayafanywi kabla ya miezi 6, na ya kovu husubiri mwaka. Siku utakapokwenda kupigwa picha ya matiti, mwambie mpigapicha kabla hajaanza, na uende na tarehe ya upasuaji: mafuta yaliyokufa huacha vichembe vya chokaa, na asiyejua historia yako anaweza kuagiza vipimo ambavyo hukuvihitaji.